Huna Doh? Angalia Tena Pale Mtaa Unatupa: Vile Biashara za Kijamii Hutoa Kitu Mahali Wengine Wanaona Hakuna

Tuanze na picha unayoijua vizuri.

Ni Jumamosi saa nne asubuhi, mbogi yenu iko base. Mko wasee wanane na idea iko. Mmoja anataka mkusanye taka za ploti na kuzigeuza doh. Mwingine anataka mfungulie madogo wa mtaa mahali pa kusomea jioni. Stori inashika moto, watu wanarushiana plani, mpaka msee mmoja aliyekaa kwa jiwe anauliza swali la kuua sherehe: "Sasa doh itatoka wapi?"

Kimya.

Alafu mnakubaliana kile watu hukubaliana kila mara. Mtu aandike barua kwa MCA. Mwingine atafute mfadhili mtandaoni. Kuna mwenye ameskia kuna fandi ya vijana, ataulizia. Miezi sita baadaye mko base ile ile, barua haijajibiwa, na ile idea imekufa pole pole kama betri ya simu.

Makala hii ni ya hiyo mbogi. Si ya kuwaambia ati doh si muhimu, ju hiyo ni uongo na kila mtu aliyesota anaijua. Ni ya kuwaonyesha vile watu wengine, wengi wao hapa hapa Kenya, walianza na vitu ambavyo tayari vilikuwa mtaani lakini vikiwa vimeitwa jina baya: takataka, kinyesi, kijana asiye na kazi, ploti isiyo na maana. Pia tutakuonyesha pale hii njia huuma, ju iko na meno.

Biashara ya kijamii ni nini, kwanza?

Ni biashara inayouza kitu na kuingiza doh, lakini sababu ya kuanzishwa ni shida ya watu. Duka la kawaida likikosa faida, mwenyewe anafunga na kuhamia kitu kingine. Biashara ya kijamii inashikwa pande mbili: ikikosa doh inakufa, na ikiacha kutatua ile shida imekufa pia, hata kama akaunti imejaa.

Sasa ona ugumu wake. Shida za watu hukaa wapi? Hukaa pale hakuna maji, hakuna barabara, hakuna title deed, na wateja wanahesabu shilingi kumi kumi. Kwa hivyo hii ni biashara inayoanzishwa makusudi mahali kila kitu ni haba. Benki inaangalia hapo na kuona hasara. Ndio maana wale wanaofaulu hulazimika kujifunza kuona vitu tofauti.

Wasomi wana jina la hii kitu. Mwaka wa 2005 watafiti wawili, Ted Baker na Reed Nelson, walichapisha utafiti kuhusu biashara ndogo 29 za Marekani zilizokuwa zinahangaika bila mtaji. Waligundua kuna wenye biashara wanaokataa tu kukubali ati hawana kitu. Wanachukua kile kiko karibu, wanakipatia kazi ambayo hakikutengenezewa, na wanaanza. Waliita hiyo tabia brikolaji, neno la Kifaransa.

Mfano wao mmoja ni mnoma. Kulikuwa na mkulima ambaye shamba lake lilikuwa juu ya migodi ya makaa ya mawe iliyoachwa zamani. Migodi hiyo ilikuwa inatoa gesi ya methane, sumu na hatari. Mtu mwingine angelia kwamba shamba limeharibika. Huyu alipata jenereta, akaichoma hiyo gesi, akapata stima na kuiuza. Jenereta ikawa inatoa joto jingi, kwa hivyo akajenga nyumba ya kupandia nyanya na kuipasha kwa hilo joto. Nyanya zilikuwa zinakua ndani ya maji, basi akaona si vibaya kufuga samaki aina ya tilapia humo. Shida moja ilizaa biashara tatu.

Lakini usishangae sana. Kenya tulikuwa na jina letu kabla ya hao wasomi: jua kali. Enda Kamukunji uone vile pipa la mafuta linageuka sanduku la shule au jiko. Wale mafundi hawajangoja karatasi ya mtu kuwaambia wanafanya brikolaji.

Sasa tuone mahali rasilimali hujificha. Tumezipanga nne.

1. Iko kwa kile watu wanatupa

Nzambi Matee alikuwa na kazi, si ati alikuwa amekosa. Mwaka wa 2017 akaiacha na kuanza kujaribu vitu nyuma ya nyumba ya mamake hapa Nairobi. Idea ilikuwa kuchukua plastiki, kuichanganya na mchanga, kuipasha moto na kuibana mpaka iwe kabro, zile tofali za kutandika kwa njia na uwanja. Majirani walilalamika juu ya kelele za mashine. Ilimchukua karibu mwaka mzima kupata kipimo sahihi cha mchanga na plastiki.

Angalia alitumia nini. Plastiki nyingine alipewa bure na viwanda, ju kwao ilikuwa mzigo. Mchanga uko. Mashine alijitengenezea, ju yeye ni injinia na hakukuwa na duka linauza mashine ya kitu ambacho hakijakuwepo. Lakini bado alikosa kitu kimoja ambacho huwezi kuokota: maabara ya kupima kama hiyo kabro itabeba uzito.

Hapo ndio utaona akili. Alipata nafasi ya kwenda mafunzo ya wajasiriamali wa kijamii huko Marekani. Wengi wetu tungepanda ndege na begi la nguo na simu ya kupiga picha. Yeye alibeba sampuli za kabro na kutumia maabara za chuo kikuu cha Colorado Boulder kuzipima na kuboresha kile kipimo. Alienda kujifunza, na akarudi pia na majibu ya vipimo ambavyo kwake vingekuwa ghali.

Kampuni yake, Gjenge Makers, ikasimama. Mwaka wa 2020 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa Gigiri, lilimtaja kati ya Vijana Mabingwa wa Dunia.

Si yeye peke yake. Kule Lamu, mafundi wa mashua walichukua tani 10 za plastiki na slipa kama 30,000 zilizookotwa ufuoni na mitaani, wakaunda dau linaloitwa Flipflopi. Liliingia majini mwaka wa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Uzuri wa hiyo stori si slipa peke yake. Wale mafundi tayari walikuwa na ujuzi wa kuunda dau kwa mbao, ujuzi wa vizazi. Plastiki ilikuwa mpya, mikono ilikuwa ya zamani. Kwa hivyo ukiangalia mtaa wako, usiangalie taka tu. Angalia nani anajua kufanya nini, ju hata ujuzi hutupwa. Yule mzee fundi wa viatu ambaye hakuna anayemletea kazi siku hizi ni rasilimali iliyokaa kwa kigoda.

2. Iko ndani ya shida yenyewe

Hapa twende Mukuru, South B kushuka chini. Kama umeishi huko unajua stori ya choo. Nyumba zimebanana na bomba la maji taka halifiki. Shimo likijaa lori la kunyonya haliwezi kupita kwa hizo njia. Usiku watu wanaogopa kutoka, na ile mambo ya kufanya haja kwa juala na kurusha kila mtu anaijua, hata kama hatupendi kuisema.

Mwaka wa 2011 kampuni ya Sanergy, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani, ilifungua vyoo vyake vya kwanza vya Fresh Life huko Mukuru. Hesabu yao ilikuwa hivi: ukingoja bomba la maji taka na barabara, utangoja mpaka uzeeke. Basi tengeneza choo ambacho hakihitaji hivyo vitu.

Hakuna nafasi? Choo kikawa kidogo, kinaingia kwa kona ya ploti. Hakuna bomba? Kikatenganisha mkojo na kinyesi, kila kimoja kwa chombo chake kinachofunikwa. Lori haliingii? Wafanyakazi wakawa wanabeba vyombo kwa mkokoteni mpaka pale lori limefika. Hawakuwa na watu wa kusimamia kila choo? Wenyeji wenyewe wakawa wenye vyoo, kila mmoja anaendesha chake kama biashara na kutoza wateja. Baadaye wenye ploti nao wakaanza kuwekea wapangaji wao.

Kila kitu kilichokosekana kiliamua umbo la choo. Uhaba ndio ulikuwa mchoraji.

Lakini hapo bado tuko katikati. Kinyesi cha mtaa mzima unakipeleka wapi? Hiyo ndio hesabu iliyoua miradi mingi ya vyoo: kujenga ni rahisi, kutoa mzigo kila siku ndio kunamaliza doh. Sanergy wakaamua mzigo ndio bidhaa. Uchafu unapelekwa kiwandani na kuchanganywa na taka nyingine zinazooza, kisha unageuzwa mbolea. Sehemu nyingine wanalishwa funza wa inzi anayeitwa askari mweusi. Hao funza wananenepa, wanakaushwa, na wanakuwa protini ya chakula cha kuku na samaki.

Na soko liko. Kumbuka mwaka wa 2022 vile mfuko wa mbolea ya kilo 50 ulipita shilingi 6,000, mpaka serikali ikaweka ruzuku na kushusha ile ya kwake kuwa 3,500. Mkulima anayelia bei ya mbolea na mama wa Mukuru anayekosa choo hawajawahi kukutana. Kuna mtu aliyeona kwamba shida zao mbili zinaweza kulipana.

Hiyo ndio form ya pili: usitafute rasilimali kando ya shida. Uliza shida yenyewe inazalisha nini, na nani yuko mahali pengine anaihitaji.

3. Iko kwa watu ambao hakuna anayewahesabu

Rudi nyuma kidogo, mwaka wa 1987, Mathare. Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi ya mazingira hapa Nairobi, aliona madogo wakicheza mpira wa juala kando ya marundo ya taka. Madogo walitaka ligi ya ukweli, na mtaa ulihitaji kusafishwa. Hizo shida mbili zikaunganishwa kwa makubaliano rahisi: mtaa ukifanya kitu, na yeye atafanya kitu. Mkikaa tu, hata yeye anakaa.

Hivyo ndivyo MYSA ilianza, Mathare Youth Sports Association. MYSA si kampuni ya kuuza bidhaa, lakini hesabu yake ya rasilimali inafaa isomwe na kila mbogi. Timu inapata alama za ligi si kwa magoli peke yake, bali pia kwa kutoka na kusafisha mtaa. Yaani unaweza kuwa na straika moto, lakini kama timu yako hailengi mitaro, juu ya jedwali hamtafika.

Ona kile kimefanyika hapo. Hakuna doh ya kulipa watu wa kuzoa taka. Lakini madogo wana kitu wanakitaka kuliko doh, nacho ni heshima ya kushinda. Alama hazigharimu chochote kuzichapisha. Vijana wakubwa kidogo wakawa marefa, makocha na viongozi wa kamati, na wale waliojitolea wakawa wanapata alama za kuwasaidia kulipiwa karo. Muda wa vijana, ambao kila mtu alikuwa anauita "kukaa bure", ukawa injini ya shirika.

Matokeo? Mwaka wa 1992 MYSA ilipata tuzo ya Global 500 ya UNEP. Timu yake kubwa, Mathare United, ilizaliwa mwaka wa 1994 na kushinda ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2008. Dennis Oliech unayemjua alipitia hapo kabla ya kwenda kucheza ng'ambo. MYSA ilipendekezwa pia kwa tuzo ya amani ya Nobel, 2003 na 2004. Yote yalianzia kwa rundo la takataka na ball ya juala.

4. Na kama kilichokosekana ni doh yenyewe?

Hii ndio itakushangaza. Mombasa kuna mtaa unaitwa Bangladesh. Ulikuwa na shida ambayo hata wewe umeiona kwenu: mama mboga ana sukuma zinanyauka, fundi cherehani hana nguo ya kushona, mwenye maji ana mitungi imejaa. Wote wana kitu cha kuuza na wote wanahitaji kitu cha mwenzake. Lakini ni tarehe 20, mifuko imekauka, basi kila mtu amekaa na bidhaa yake anangoja shilingi ipite.

Mwaka wa 2013 wafanyabiashara wadogo zaidi ya mia moja, wakisaidiwa na shirika la Grassroots Economics, walianzisha karatasi za kubadilishana zilizoitwa Bangla-Pesa. Mwanachama anapewa karatasi zake na anakubali kuzipokea kwa duka lake. Mama mboga analipa fundi kwa Bangla-Pesa, fundi ananunua maji nazo, mwenye maji anarudi kununua mboga. Shilingi za ukweli zinawekwa kando kwa vitu lazima vitoke nje ya mtaa, kama unga wa jumla na karo.

Kilichokuwa kimekosekana kilikuwa njia ya kusogeza bidhaa iliyokuwa tayari pale. Na kile kilichoshikilia hizo karatasi ni kuaminiana. Kama hukubali za wenzako, za kwako pia zinakataliwa.

Stori haikuwa tamu mwanzoni. Wiki chache baada ya kuzinduliwa, polisi walikamata waanzilishi, watu wakidhani hii ni pesa bandia, na hata kukawa na uvumi wa kuihusisha na siasa za kutenga Pwani. Walishtakiwa, na mwaka huo huo mashtaka yakaondolewa. Idea ikaendelea, ikafika hadi mitaa ya Nairobi kama Kawangware, kisha ikahamia kwa simu kwa jina la Sarafu. Wakati wa korona mwaka wa 2020, ilitumika Mukuru kwa ushirikiano na Kenya Red Cross.

Sasa tuongee ukweli: hii njia huuma wapi?

Kama tungeishia hapo juu ungetoka umechangamka, ukaenda ukachomeka. Kuna mitego minne ambayo lazima uijue.

Kwanza, taka ikipata bei, inapata mwenyewe. Leo unapewa plastiki bure ju hakuna anayeitaka. Kesho ukionyesha inalipa, yule aliyekuwa anakupa bure anaanza kukuuzia, na kuna wasee wengine watafika na lori. Tangu Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, kampuni zinazotengeneza bidhaa zinatakiwa kubeba jukumu la taka zake baada ya mteja kumaliza kutumia. Hiyo inaweza kuleta doh kwa wazoa taka, au inaweza kuwapita juu kwa juu. Wale wenye karatasi na kikundi watakuwa mezani, wale wanaookota kila mtu kivyake watasomewa bei. Kwa hivyo makubaliano yaandikwe mapema, wakati kitu bado ni takataka.

Pili, ardhi ya bure si ya bure. Vikundi vingi vya vijana Nairobi vimegeuza kingo za mito kuwa bustani. Korogocho kuna mbogi iliyochukua jaa la taka kando ya mto Nairobi na kulifanya People's Park, mahali familia zinakaa. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliamuru watu wahame mita 30 kutoka kwa mito, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru. Ukijenga mradi wako wote juu ya mahali usipo na karatasi, jua kwamba kuna siku tingatinga inaweza kuja, na haitauliza mlipanda miti mingapi.

Tatu, kujitolea kuna mwisho. Muda wa vijana ni rasilimali, sawa. Lakini kijana ana njaa, ana kodi, na mathe anamwangalia. Kama miaka mitatu baadaye bado ni "tujitolee kwa mtaa" na kiongozi peke yake ndiye amebadilisha simu, hiyo si biashara ya kijamii. Ni kutumiana. MYSA ilirudishia vijana kitu: alama, karo, nafasi ya kuongoza. Wewe mbogi yako unawarudishia nini, na lini?

Nne, usifanye kila kitu kwa kuungaunga. Wale watafiti Baker na Nelson waligundua kitu cha maana: biashara zilizofanya brikolaji kwa kila kitu, kila wakati, zilikwama. Zilizobaki na marafiki wa kufanyiana fevua, wateja wa mkopo usioisha, na mashine ya kurekebishwa kila wiki hazikukua. Zilizokua ni zile zilizochagua mahali pa kuungaunga na mahali pa kukataa. Kabro inaweza kutoka kwa taka, lakini vipimo vya uzito lazima viwe vya maabara. Choo kinaweza kutolewa mzigo kwa mkokoteni, lakini usafi hauwezi kuwa wa "itakuwa tu sawa". Pale mtu anaweza kuumia, hapo hakuna jua kali.

Na tusidanganyane pia: karibu wote hawa walipata doh ya nje wakati fulani. Sanergy walishinda mashindano ya biashara ya chuo chao mwaka ule ule wa 2011. Gjenge ilipata tuzo. MYSA ilipata wafadhili. Tofauti ni walibeba nini mkononi wakienda kuongea na mwenye doh. Barua yako inasema "tunataka kuanza". Ya mwingine inakuja na kabro umeshikilia. Wewe ungekuwa na doh, ungempa nani?

Sasa Jumamosi ijayo mfanye nini?

Msikae base. Tembeeni. Zungukeni mtaa wenu asubuhi moja mkiwa na daftari, na mjibu maswali haya manne.

Nani analipa kutupa nini? Fundi wa samani ana vumbi la mbao. Soko lina mboga zilizooza. Wenye juisi wana maganda. Kinyozi, fundi nguo, mwenye hoteli, kila mmoja ana gunia linamsumbua. Mtu akilipa kanjo au mkokoteni kuondoa kitu, hapo kuna mazungumzo, ju unaweza kuanza kwa kulipwa kuchukua malighafi yako mwenyewe.

Nini kinakaa bure saa ngapi? Ukumbi wa kanisa Jumatatu hadi Ijumaa. Darasa la shule wakati wa likizo. Mathree zilizopaki kutoka saa nne zikingoja watu wa jioni. Yule wa idea ya madogo kusoma jioni hahitaji kujenga nyumba, anahitaji ufunguo na mtu wa kuaminika wa kuushika.

Nani anajua kitu na hakuna anayemuuliza? Kuna mwalimu amestaafu, fundi wa stima, auntie aliyefanya kazi hotelini miaka 20, msee wa chuom amerudi na digrii ya uhasibu na anashinda kwa simu. Waandikeni majina na kile wanajua.

Shida yetu inazalisha nini, na nani mbali anakihitaji? Hili ndilo swali gumu, ju linataka utoke nje ya mtaa. Mkulima wa Kiambu hajui uko. Nenda umuulize analipa nini kwa chakula cha kuku.

Mkimaliza, chagueni kitu kimoja kidogo cha kujaribu ndani ya wiki mbili kwa vitu mlivyoviona tu. Msinunue chochote. Kikifanya kazi, andikisheni kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, ju kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inayowatambua, na bila hiyo karatasi akaunti ya benki na mkataba ni ndoto. Andikeni pia nani anamiliki nini, doh ikija itagawanywa vipi, na mtu akitoka anatoka na nini. Fanyeni hivyo mkiwa bado mmesota na mnapendana. Vikundi vingi havifi njaa, hufa siku ya kwanza ya shibe.

Yule msee wa kwa jiwe hakuuliza swali baya. Lakini kabla ya kuuliza doh itatoka wapi, mwambieni aulize kwanza: hapa tulipo, tunakanyaga nini?

Mtaa wenu unatupa nini ambacho hakuna ameangalia? Anza na ploti yenu. Gunia la kwanza liko hapo kwa mlango.